Fundi umeme kanipa bei ya nyumba ya vyumba vitatu, nitajuaje kama ni halali?

#1 Mjenzi wa Kibada

Wakuu, salaam. Nyumba ipo Kigamboni, imeshaezekwa, kuta hazijapigwa lipu. Vyumba vitatu, sebule, sehemu ya kulia, jiko, korido, vyoo viwili, veranda mbele na nyuma. Dari itakuwa silingi bodi. Fundi kapita, kaangalia, jioni akatuma hii WhatsApp:

Ufundi: pointi 62 x 15,000 = 930,000
Vifaa: 1,960,000
Mengineyo: 180,000
Muhuri na ufuatiliaji TANESCO: 250,000
Jumla: 3,320,000

Orodha ya vifaa: waya 1.5 (unene kwa milimita za mraba) roli 12, waya 2.5 roli 3, waya 6.0 roli 2, konduiti (bomba la kupitishia nyaya) 20 mm vipande 120, boksi, soketi na swichi, holda, bodi ya njia 8 na breka zake 8, ethi rodi (fimbo ya ethi inayopigwa ardhini) 1. Bei ya kifaa kimoja kimoja hajaandika.

Fundi wa pili yeye anasema 25,000 kwa pointi, vifaa ninunue mwenyewe. Naona wa kwanza ni nafuu. Nimeona vibaya?

#2 Chuma Ulete

Nyingi hiyo. Milioni mbili unamaliza kila kitu.

#3 Pointi Kwanza

@Chuma Ulete, milioni mbili inamaliza kila kitu cha nyumba ipi? Hujaambiwa taa ngapi wala soketi ngapi, umeshapanga bei.

Mleta uzi, weka kwanza idadi. Pita chumba hadi chumba uandike taa, feni, soketi (pacha ihesabu moja), hita ya maji, jiko la umeme, AC, TV, kengele. Swichi ziandike pembeni. Ukishaweka tutaongea.

#4 Mjenzi wa Kibada

Nimepita na ramani:

Taa: sebule 2, sehemu ya kulia 1, jiko 1, vyumba 3, korido 2, vyoo 2, veranda 2, taa za nje za ulinzi 4. Jumla 17.
Feni: sebule 1, vyumba 3. Jumla 4.
Soketi pacha: sebule 3, sehemu ya kulia 1, jiko 3, vyumba viwili viwili. Jumla 13.
Vya peke yake: hita ya kuogea 1, jiko la umeme 1, AC ya sebuleni 1.
TV 2, kengele 1.
Swichi za taa nimehesabu vibao 13.

#5 Pointi Kwanza

Sasa tazama hesabu. Taa 17, feni 4, soketi 13, vya peke yake 3, jumla 37. Ukiongeza TV na kengele inakuwa 40.

62 zake zimetoka wapi? Chukua 37, ongeza vibao 13 vya swichi za taa, regyuleta 4 za feni, swichi 3 za hita, jiko na AC. Unapata 57. Ongeza TV 2, kengele 1, bodi 1 na ethi 1. Ndiyo hiyo 62, kamili kabisa.

Hajakuibia. Kuna mafundi wanaohesabu kila boksi linaloingia ukutani kuwa pointi, na kuna wanaohesabu taa pamoja na swichi yake kuwa pointi moja. Hesabu zote mbili zinatumika mtaani. Kosa ni kulinganisha 15,000 ya hesabu moja na 25,000 ya hesabu nyingine.

Fundi A: 62 x 15,000 = 930,000.
Fundi B: 37 x 25,000 = 925,000.

Tofauti ni elfu tano. Huyo unayemwona nafuu ndiye ghali, kwa bei ya soda chache. Lakini muulize B kama TV, kengele na bodi vimo ndani ya hizo 37. Akisema TV na kengele ni pointi pia, yake inafika 40 x 25,000 = 1,000,000, na hapo A anakuwa chini.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi yeyote: "Pointi kwako ni nini?" Aandike: swichi imo au haimo, soketi pacha ni moja au mbili, swichi ya njia mbili ya korido inahesabiwaje. Hiyo ya korido huleta ugomvi sana kwa sababu taa ni moja, vibao viwili, na nyaya kati ya vibao ni tatu badala ya mbili.

#6 dada_fazi

Niongezee kwenye ufundi. Njia nyingine ya kuipima 930,000 ni siku. Nyumba kama hiyo kabla ya lipu, fundi na saidia mmoja: kutindua ukuta, kuweka boksi na kulaza konduiti siku 3 hadi 4, kuvuta nyaya siku 2, kufunga vibao, holda na bodi siku 2, kupima nusu siku. Tuseme siku 8. 930,000 gawa kwa 8 ni 116,250 kwa siku kwa watu wawili, na humo atoe nauli, chakula na kuchakaa kwa vifaa vyake vya kazi. Linganisha na unachomlipa fundi uashi na saidia wake hapo hapo saiti. Fundi umeme anastahili kuzidi kiasi, maana kosa lake halionekani kwa macho kama ufa.

Uliza pia kuziba mitaro ya konduiti ni kazi ya nani. Mafundi umeme wengi hutindua na kuondoka, na fundi lipu anakuja kudai saruji na siku ya ziada. Gharama hiyo haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote mpaka siku ya ugomvi.

#7 Kalipa

Ufundi mmeumaliza. Mimi hofu yangu ipo kwenye nyaya. Angalieni tena orodha: 1.5 roli 12, 2.5 roli 3. Uwiano huo haukubali.

Tupime chumba kimoja, tuseme cha mita 3.5 kwa 4, dari mita 2.9. Swichi ipo mlangoni, kimo cha mita 1.35. Kutoka swichi kupanda darini ni mita 1.55, kisha kwenda katikati kwenye taa mita 2.5. Jumla 4.05. Kipande hicho kinapita nyaya mbili (laivu, yaani waya wenye moto, inayoshuka kwenye swichi na ile inayorudi kwenye taa), yaani mita 8.1. Kutoka taa hiyo kwenda taa ya chumba cha pili weka mita 4, nyaya tatu (laivu, newtro na ethi, kila moja na rangi yake), mita 12. Jumla 20.1. Ongeza asilimia 10 ya ncha na mikunjo: mita 22 kwa taa moja.

Taa 17 x 22 = 374. Feni 4 kwa kadirio hilo hilo = 88. Kutoka bodi hadi taa ya kwanza, saketi mbili (kila saketi ni njia yenye breka yake), mita 8 kila moja, nyaya tatu = 48. Jumla mita 510. Kwa roli la mita 90 hiyo ni roli 5.7, ila hununui kwa wastani, unanunua kwa rangi. Laivu ndiyo inakula zaidi, kama mita 295, hivyo roli 4. Newtro roli 2, ethi roli 2. Jumla roli 8. Yeye kaandika 12.

Sasa 2.5. Soketi ipo kimo cha sentimita 45, dari 2.9, hivyo kila soketi konduiti inashuka mita 2.45 na kupanda 2.45, kisha mita 4 hivi kwenda soketi inayofuata. Ni 8.9 mara nyaya tatu, sawa na mita 27. Mara 13 = 351. Ongeza asilimia 10 = 386. Ongeza saketi mbili kutoka bodi, 48. Jumla 434, yaani mita 145 kwa kila rangi. Unahitaji roli 2 kwa rangi, jumla 6. Yeye kaandika 3, yaani mita 90 kwa rangi. Hazifiki.

Roli 4 za 1.5 zimezidi, roli 3 za 2.5 zimepungua. Ama kakosea, ama soketi zako baadhi zitavutwa kwa 1.5. Bei ya jumla ingekuwa halali kabisa na bado ungekuwa umenunua hatari.

#8 Mjenzi wa Kibada

@Kalipa hii ya pili imenishtua. 1.5 kwenye soketi inaleta nini hasa? Si ni waya tu, taa zikiwaka na soketi zitawaka?

#9 Kalipa

Itawaka, mkuu, ndiyo maana hugundui.

Waya wa 1.5 wa shaba ndani ya konduiti iliyofukiwa ukutani unabeba ampea kati ya 14 na 17 hivi. Wa 2.5 unabeba 20 hadi 24. Chomeka pasi ya wati 2,000 na birika la wati 2,200 kwenye soketi pacha moja: 4,200 gawa kwa volti 230 ni ampea 18.3. Kwa 2.5 unapita salama. Kwa 1.5 umezidisha, na kama breka ya soketi ni 20 haitakatika, kwa sababu 18.3 ni chini ya 20. Waya unapata moto kila asubuhi, plastiki inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka kwenye kona ya boksi. Sehemu ya kwanza kuonyesha ni soketi yenyewe: inageuka rangi ya chai kuzunguka tundu. Wengi hubadilisha soketi tu. Mwezi wa pili inaungua tena.

Breka inalinda waya, hailindi pasi wala birika. Kwa hiyo namba ya breka isizidi uwezo wa waya: taa za 1.5 breka ya 6 au 10, soketi za 2.5 breka ya 20. Ukikuta soketi za 2.5 zimewekewa 32, uliza kama ni ringi, yaani waya unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile. Kama haurudi, 32 ni kubwa mno.

#10 Mzee Konduiti

Roli 2 za 6.0 nazo ni za nini? Mita 180! Tuzigawe.

Jiko la umeme la kilowati 7: 7,000 / 230 = ampea 30. Hapo 6.0 na breka ya 32 ni sahihi. Umbali kutoka bodi hadi jiko, weka mita 8 pamoja na kupanda na kushuka, mara nyaya tatu = mita 24.

Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya kilowati 5.5: ampea 24. Waya wa 4.0 na breka ya 25 unatosha. Mita 12 x 3 = 36.

AC ya BTU 12,000 inakula kilowati 1 hadi 1.3 hivi, ampea tano sita. Iwe na saketi yake peke yake, waya 2.5, breka ya 16. Kuiwekea 6.0 ni kuchoma hela. Mita 10 x 3 za AC zinaingia kwenye zile roli 6 za @Kalipa bila kununua nyingine: 145 na 10 ni 155 kwa rangi, roli 2 ni 180.

Kwa hiyo 6.0 unahitaji mita 24, za 4.0 mita 36. Waya mnene dukani unakatwa kwa mita, usinunue roli. Kama hita au jiko vyako ni vya kilowati tofauti, rudia kugawa kwa 230. Namba ya wati imeandikwa kwenye kibati nyuma ya kifaa.

Tusimwonee kila mahali. Konduiti 120 ni halali. Taa 17 kwa mita 8 hivi ni 137, feni mita 20, soketi 13 kwa 8.9 ni 116, za kutoka bodi 32, vya peke yake 30. Jumla 335, gawa kwa kipande cha mita 3 ni 112. Ukiweka za kuvunjika kiasi, 120 sawa. Bodi ya njia 8 pia kapiga sawasawa: taa 2, soketi 2, hita, jiko, AC ni 7, na moja ya akiba.

Ila konduiti 120 alizolipiwa zilazwe kweli. Juu ya silingi bodi hakuna anayeangalia, na ndipo nyaya moja moja hutupwa wazi juu ya kenchi. Waya wa moja moja haukutengenezwa kukaa nje ya bomba. Panya wanajua hilo kuliko sisi.

#11 dada_fazi

Nimesoma orodha mara tatu, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) haipo. Kuna breka 8 na ethi rodi 1, basi.

Breka inakata kwa umeme kuzidi au nyaya kugusana. Mtoto akishika waya, mwilini inapita ampea ndogo sana ambayo breka ya 20 haitaihisi kamwe. Kinachomwokoa ni RCCB ya miliampea 30. Kwenye bodi hiyo hiyo unaweza kuweka RCCB ya ampea 63 mahali pa mein swichi, haihitaji bodi kubwa zaidi. Usisahau kwamba yenyewe haijui kuzidiwa mzigo, kwa hiyo haiondoi breka. Vinafanya kazi mbili tofauti.

Mkilinganisha mafundi wawili, hapa ndipo bei ya chini hupatikana: RCCB haimo, waya wa ethi hauendi kwenye taa wala kwenye boksi za chuma, na rodi inapigwa nusu kisha inakatwa kwa msumeno. Kila kimoja kinashusha bei na hakuna kinachoonekana nyumba ikishapakwa rangi.

Rodi iingie yote, kichwa kibaki ndani ya shimo dogo lenye mfuniko, na kamba yake ya shaba ifungwe kwa klempu, isizungushwe kwa mkono. Mambo ya kumwaga chumvi shimoni achaneni nayo. Mvua inaiosha, na kabla haijaisha inakula klempu.

#12 Chuma Ulete

Sawa nimekubali, milioni mbili haitoshi 😅 Lakini si anunue vifaa mwenyewe tu? Fundi akienda dukani anapewa cha juu na mwenye duka, kila mtu anajua.

#13 Mzee Konduiti

Cha juu kipo. Lakini kununua mwenyewe nako kuna mtego. Ukileta breka isiyokaa kwenye reli ya bodi yako, siku ya fundi imepotea na atakudai. Kitu kikiungua atasema vifaa vilikuwa vyako. Nenda naye dukani mkiwa na orodha ya idadi tuliyopiga hapa, ulipe wewe, risiti iandikwe jina lako, na mkubaliane na mwenye duka kwamba roli ambalo halijafunguliwa linarudishwa. Kama unataka kumpa fundi kitu kwa kukuchagulia, mpe waziwazi kwenye ufundi.

Kinachofanya watu waliwe zaidi ni yule fundi anayesema "ufundi ni asilimia 30 ya vifaa". Hapo umemlipa ili anunue vingi.

#14 Kalipa

Mkiwa dukani, roli lipimwe. Shaba ya 2.5 yenye urefu wa mita 90 ni sentimita za ujazo 225, mara uzito wa shaba 8.96, inakaribia kilo 2. Hiyo ni shaba peke yake, plastiki haijaingia. Ya 1.5 ni kilo 1.2. Mizani ya duka la mchele inatosha. Roli la "2.5" likiwa jumla kilo moja na nusu, ama waya ni mwembamba, ama ni mfupi, ama ni alumini iliyopakwa shaba.

Alumini unaikamata hivi: menya ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba inabaki nyekundu ndani hadi mwisho, alumini inatoa weupe. Ikunje mara nne tano mahali pamoja. Alumini inakatika upesi.

Ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia unene), 2.5 ya nyuzi saba kila uzi uwe milimita 0.67, na ya uzi mmoja mnene iwe 1.78. Ya 1.5 ni 0.53 na 1.38. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tazama kwenye waya wenyewe, usiishie kwenye karatasi ya nje.

Soma pia urefu. Kuna roli la yadi 100, ambalo ni mita 91, na kuna la mita 100. Fundi mmoja akikupigia hesabu ya la 90 na mwingine la 100, roli zao hazilingani hata zikiwa idadi moja.

#15 Mvita

Niko Mombasa, bei zenu sitazigusa, ila Kigamboni ni pwani kama kwetu. Chumvi ya hewani inakula boksi za chuma. Taa za nje na za veranda weka boksi za PVC, skurubu za shaba au zisizoshika kutu, na holda ziwe za kuzuia maji. Fundi akiandika boksi za chuma nyumba nzima kwa sababu "ni imara", bei yake itakuwa juu na miaka mitatu mbele skurubu hazifunguki.

Huku Kenya leseni za mafundi umeme hutolewa na EPRA, na swali letu la kwanza kwa fundi ni kama anayo. Nadhani kwenu ni EWURA?

#16 Pointi Kwanza

Ndiyo, ndugu Mvita, bara ni EWURA. Na hiyo inatufikisha kwenye mstari wa 250,000, "muhuri na ufuatiliaji". Ni vitu vitatu vimefungwa kwenye kifurushi kimoja, vitenganishwe.

Kwanza, ada ya kuunganishiwa umeme. Hiyo inalipwa kwa TANESCO kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina lako. Haipiti mkononi kwa fundi. Kama anasema imo ndani ya 250,000, aitoe.

Pili, muhuri. Ombi la umeme linakwenda na mchoro wa wayaringi uliogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Fundi wako akiwa na leseni, muhuri ni sehemu ya kazi yake. Akiwa hana, anakwenda kuazima muhuri wa mtu mwingine, na hiyo pesa unailipia wewe kwa mtu ambaye hajawahi kuiona nyumba yako. Aliyegonga muhuri amethibitisha kwamba kazi imepimwa, kwa hiyo aje aipime. Akija kweli, malipo yake ni halali.

Tatu, "ufuatiliaji". Ombi unaweza kulituma mwenyewe.

#17 Mjenzi wa Kibada

Nashukuru wakuu. Hiyo ya kupima, anapima nini na mimi nitajuaje amepima? Na malipo niyagawe vipi?

#18 dada_fazi

Kupima si kuwasha taa. Kabla ya umeme kuletwa anatumia mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kati ya nyaya) ya volti 500 kati ya laivu na newtro, laivu na ethi, newtro na ethi. Balbu zote zitolewe na kisiwepo kifaa kilichochomekwa, la sivyo namba zinadanganya. Kiwango cha chini kabisa ni megaohmu 1, lakini nyumba mpya yenye nyaya kavu inatoa mamia. Saketi moja ikitoa 3 na zingine zote zinatoa 200, hata kama 3 imepita, kuna mahali msumari wa silingi bodi umechoma waya. Itafutwe kabla hajalipwa.

Kisha mwendelezo wa waya wa ethi hadi kila soketi, laivu ipo upande sahihi kwenye soketi na swichi inakata laivu (ikikata newtro, taa inazimika lakini holda ina moto), na ukinzani wa ethi rodi. Umeme ukishakuja, RCCB ijaribiwe kwa kifaa chake: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe chenye T ubonyeze mwenyewe. Namba zote aziandike kwenye karatasi saketi kwa saketi, atie sahihi. Fundi asiye na mega hawezi kukuuzia kupima, mstari huo aufute.

Malipo fuata kazi: sehemu moja konduiti na boksi zikiisha kabla ya lipu, nyingine nyaya zikishavutwa, nyingine vibao na bodi vikifungwa, na ya mwisho isiwe chini ya asilimia 15 hadi karatasi ya vipimo iwe mkononi. Usitoe nusu ya ufundi siku ya kwanza.

#19 Mzee Konduiti

Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, fanya mambo mawili. Piga picha kila ukuta futi ikiwa imeshikwa pembeni ya konduiti, maana ukija kutoboa ukuta kwa ajili ya TV utaikumbuka. Na mwambie aingize waya wa kuvutia kwenye kila bomba, utoke upande wa pili. Bomba lililobonyea kwenye kona likigundulika baada ya lipu, fundi atakuambia ni la fundi lipu, na fundi lipu atakuambia ni la fundi umeme. Boksi zijazwe karatasi za mifuko ya saruji ili lipu isiingie.

"Mengineyo 180,000" ni zaidi ya asilimia 9 ya vifaa. Tepu, konekta, skurubu, gundi ya konduiti na klipu kwa nyumba hiyo mimi ningekubali asilimia 5, tena kwa orodha. Akazie konekta, asiniambie anasokota na kufunga tepu. Kiungo cha tepu kwenye boksi la taa ndicho kinachofanya taa ikonyeze usiku.

#20 Mjenzi wa Kibada

Mrejesho. Nimemtumia fundi A hesabu za roli na maswali. Hakukasirika, karudisha orodha nyingine: 1.5 roli 8, 2.5 roli 6, 4.0 mita 36, 6.0 mita 25, RCCB 63A/30mA moja, mengineyo 95,000 kwa orodha. Ufundi ameacha 930,000 ila TV, kengele, kuziba mitaro na kupima vimo. Mstari wa TANESCO kaupunguza hadi 120,000, kaandika "muhuri" tu.

#21 Kalipa

Hiyo sasa inasomeka. Urefu wa roli kaandika?

#22 Mjenzi wa Kibada

Hajaandika. Namuuliza.

#23 Pointi Kwanza

Muulize pia muhuri wa 120,000 una jina la nani na namba gani ya leseni, na mwenye jina hilo anakuja saiti siku ipi na mega.